Ramadhani sita nimeanza upya, Bi Mkubwa, na bado niko palepale

Asalaam aleikum, Bi Mkubwa. Shikamoo.

Nina miaka 48. Nimezaliwa Majengo ya hapa Mombasa, sasa nakaa Kisauni kwenye chumba cha kupanga, naendesha tuktuk ya mtu. Nakuandikia saa tisa usiku kwa kuwa usingizi sina. Mchana siwezi. Mchana nikiwa na watu mimi ndiye mchekeshaji wao, na mchekeshaji akisema ana shida, watu hungoja kichekesho.

Niliwahi kuwa mtu, Bi Mkubwa. Miaka kumi na mitatu nilikuwa karani kwenye ofisi ya uwakala wa forodha. Asubuhi shati jeupe, kalamu mfukoni, naingia bandarini na makaratasi ya kontena za matajiri. Askari wa getini walinijua kwa jina. Mshahara haukuwa wa kujivunia, lakini kodi ililipwa, na kila Ijumaa nilimpitishia mamangu samaki changu wawili watatu wa kupaka. Kisha SGR, ile reli mpya ya kwenda Nairobi, ikaja. Mwaka 2019 serikali ilipotoa amri mizigo yote ipakiwe kwenye treni ikatolewe Nairobi, ofisi zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine. Madereva wa malori, mafundi wa Changamwe, akina mama waliokuwa wakiuza chakula Miritini, wote walipigwa na dhoruba ile ile. Watu wakaandamana mjini. Amri ikasimamishwa, lakini mimi tayari nilikuwa nimekabidhiwa bahasha. Mwaka uliofuata korona. Mke akavumilia, akavumilia, mwisho akadai talaka yake akarudi kwao Likoni na watoto wawili. Sikumlaumu wakati ule, wala leo.

Tuktuk niliianza kama jambo la kujishikiza. Muguka nao, yale majani ya kutafuna ya kufukuza usingizi, niliuanza kwa ajili ya kazi ya usiku, usinizie ukaingia mtaroni. Sasa sijui kipi kinamwendesha mwenzake. Natafuna wa 150 kwa siku, bigijii, ile chingamu, na njugu ni 50 nyingine. Jioni maskani kuna vijana wanatengeneza mikeka ya kubeti, nami naweka mia tatu hivi, siku nyingine zaidi. Nikishatoa hesabu ya tajiri na mafuta hubaki na 1,000, siku njema 1,300, na asubuhi sina hata ya chai. Ile Mei ya 2024 kaunti ilipopiga marufuku muguka nilifurahi kwelikweli, nikasema sasa serikali imeniokoa. Haikupita wiki mahakama ikasimamisha marufuku, na mimi nikawa wa kwanza kwenye foleni.

Madeni yapo. Mikopo ya simu nachukua huku nalipa kule. Nina laini nne. Ile ya kwanza, ya tangu ofisini, niliizima mwaka juzi maana walikuwa wakipiga kutwa kucha, na si kwangu tu. Walimpigia hadi imamu wa msikiti wetu wakamwambia mimi ni mwizi. Mamake watoto alinilaumu kuwa binti hupiga nambari hiyo tu akiwa shule, ndiyo aliyoishika kwa kichwa, lakini ningefanyaje? Deni la duka lipo, la dadangu lipo, la tajiri lipo. Ni pesa nyingi tu.

Kila Ramadhani naacha, Bi Mkubwa. Mwezi mzima natulia, tarawehe sikosi, uso unanawiri, hata mama husema mwanangu amerudi. Idi mosi alasiri niko maskani. Nimehesabu, ni Ramadhani sita. Na hii nyingine iko mlangoni, nimeshaapa kwamba ndiyo ya mwisho.

Januari hii ndiyo iliyonitia kiwewe. Binti yangu anaingia kidato cha nne, yuko bweni. Karo ya muhula ilibaki 12,000 na niliahidi nitaibeba yote. Nilikuwa na 9,500 mkononi, pesa halali, za jasho. Tulikubaliana anisubiri saa nne upande wa Likoni, karibu na kituo cha matatu, nimpe pesa kisha nimpandishe gari. Mimi nikaona nikiongeza 2,500 mambo yanatimia, aende na karo kamili. Nikaweka 500. Ikaliwa. Nikaweka 1,000 kuirudisha ile. Sitakuchosha. Magharibi ilipoadhiniwa nilikuwa na shilingi 40, na bado nilivuka, sijui nikitarajia nini. Mtoto hakuwapo. Mjombake alishakuja kumchukua yeye na sanduku lake la bati. Mama mmoja muuza viazi karai akaniita: wewe ndiye babake yule msichana? Akanipa kifurushi cha gazeti. Mtoto alinunua viazi vya hamsini, akala nusu, nusu akanifungia na ukwaju kwenye kijifuko pembeni. Alisema baba atakuja na njaa.

Nilivila, Bi Mkubwa. Nilikuwa na njaa.

Wakati wa kurudi nilisimama ubavuni mwa feri natazama maji mpaka kijana mmoja akaniuliza, mzee uko sawa? Nikamwambia niko sawa. Tuyaache hayo.

Sasa nimewaza. Shida yangu kubwa ni kufanyia kazi tumbo la mtu mwingine. Mama ana nyumba Majengo, ya vyumba sita, vinne amepangisha. Sisi ni watoto watatu. Nikimwomba auze, au anikatie sehemu yangu sasa hivi, nanunua tuktuk yangu ya mkono wa pili kwa 250,000, nalipa wenye kelele, naanza upya nikiwa mtu huru. Dada hataki hata kusikia. Je, nimkabili mama mwenyewe? Na je, niwatume wazee kwa mamake watoto, aone nimebadilika? Nipe rai, nitaifuata. Wallahi nitaifuata.

Baba Wawili, Kisauni

*

Baba Wawili, aleikum salaam. Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilikuonea huruma, ya pili nikakasirika, ya tatu nikachukua kalamu nikapigia mistari mahali ulipopita mbio. Maana wewe, kama karani mzuri, makaratasi mazito umeyaficha katikati ya mepesi.

La kwanza ni lile la feri, ulilosema tuliache. Hatuliachi. Mtu asiyelala, anayewachekesha watu mchana, akasimama usiku kuangalia maji mpaka mpita njia akashtuka, huyo haambiwi aanze biashara. Huyo anaambiwa asikae peke yake. Leo hii, kabla hujaifikiria tuktuk, mwambie dadako maneno yale yale uliyoniandikia, bila kuyapunguza. Kisha nenda Hospitali ya Port Reitz, kule Changamwe, ina kitengo cha afya ya akili, na pale hakuna atakayekucheka. Mawazo yakikuzidi usiku, usingoje miadi, amsha mtu akushike mkono hadi hospitali iliyo karibu. Najua mtaani watasema una mashetani. Kama unataka kusomewa, kasomewe, Qurani haina madhara kwa mtu. Lakini daktari pia umwone, na muguka umtajie, kwa sababu huo peke yake unatosha kumkosesha mtu usingizi na kumtia giza moyoni.

Haya. Sasa tusemezane.

Habari za SGR umeziandika kwa urefu, na ni za kweli. Mimi mwenyewe ni mjane wa kuli wa Kilindini, sihitaji kuelezwa bandari ikipiga chafya Mombasa hupata homa ya aina gani. Ulidhulumiwa, wewe na wenzako, na siku moja mtu atakuja kuyaandika hayo yote vizuri. Lakini hebu tazama tarehe zako. Amri ilikuwa 2019. Septemba 2022 rais mpya, siku ileile ya kuapishwa, alitangaza kazi ya kutoa mizigo irudi Mombasa. Katika barua yako yote mwaka huo haumo. Hukuuona? Au ulipofika ulikuwa maskani? SGR ilikupokonya kazi, mwanangu. Zile 9,500 hazikupandishwa treni.

Nasema hivi si kukukandika. Nasema kwa sababu mtu akishika sababu kubwa kama reli, huwa haoni haja ya kutafuta sababu ndogo, na zako ndogo zinahesabika. Wacha nikuhesabie, maana namba zote umeniletea mwenyewe halafu ukasahau kuzijumlisha. Muguka 150, bigijii na njugu 50, mkeka 300. Hiyo ni 500 kwa siku. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, ni 13,000. Karo iliyokushinda ilikuwa 12,000. Kwa hivyo mwezi wa Disemba mwenyewe ulilipa karo ya muhula, ukamlipia mtoto asiyejulikana, na ukabaki na chenji ya 1,000.

Ndiyo maana tuktuk yako mwenyewe naiogopa. Leo una tajiri anayekudai hesabu kila jioni, na hiyo hesabu, hata kama unaichukia, ndiyo sheria pekee uliyobaki nayo. Ukiiondoa utakuwa na 2,000 mfukoni badala ya 1,000, na maskani ileile, na vijana walewale. Halafu tuktuk ya mkono wa pili ina tairi, ina klachi, ina bima, ina askari. Itakaa nje ya chumba chako mwezi wa nne imewekewa mawe, nawe utaniandikia kwamba shida yako kubwa ni spea.

Na nyumba ya mamako, Baba Wawili! Mamako yu hai. Mtu aliye hai hana mirathi. Ana mali. Hakuna “sehemu yako” pale; kuna vyumba vya mama, na kodi ya vile vinne ndiyo unga wake, dawa zake na maji yake. Sharia inagawa mtu akishafariki, na wewe unataka kugawa akiwa anachuja tui. Tena wewe ni mtoto wa Majengo, hukosi kujua jambo hili: je, kiwanja ni chake? Nyumba nyingi sana za pale ni kuta tu, ardhi ni ya mtu mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja kila mwezi, baba akalipa, mtoto akalipa. Ukiuza nyumba ya namna hiyo unauza udongo na mabati juu ya ardhi isiyo yako, na mwenye ardhi lazima aulizwe. Bei utakayopata itakuaibisha. Dadako hataki kusikia, na sioni ajabu. Usimkabili mama. Wala usimdokezee. Na ukienda Ijumaa, nenda na samaki, hata awe mmoja, hata awe dagaa wa kupima kwa kikombe, kisha ondoka bila kuomba kitu.

Madeni. Hapa ndipo nilipopigia mstari mara mbili. Umeniambia bei ya bigijii, umeniambia bei ya viazi, lakini deni lako umesema ni “pesa nyingi tu”. Karani wa forodha wa miaka kumi na mitatu! Ungemwandikia afisa wa forodha kwamba ndani ya kontena mna “vitu vingi tu”?

Marehemu mume wangu alikuwa akiandika madeni yake nyuma ya kalenda ya nyakati za swala, ile inayotundikwa ukutani. Jina la mtu, kiasi, na kando anachora kijumba kwa kila mia aliyolipa. Wageni wakija naona haya, namwambia geuza kalenda. Anasema wacha iangalie watu. Deni la mabati yetu lilichukua kalenda nne. Sikuambii hadithi hiyo ili uige kalenda. Andika popote, ila majina yawe yote na namba ziwe za kweli, hata ile ya muuza njugu. Kisha mpe dadako ayaone. Utaona aibu, najua. Lakini usiku utakuwa unaogopa namba, na namba ina mwisho. Sasa hivi unaogopa kiwingu.

Hao wa simu wagawe mafungu mawili. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuwatumia watu walio kwenye simu yako ujumbe kuhusu deni lako, na zinawakataza matusi na vitisho. Kumpigia imamu ukamwita mtu mwizi hakukubaliki, na kuna ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inayopokea malalamiko ya namna hiyo. Kila mwenye leseni yumo kwenye orodha ya Benki Kuu; wasio na leseni ni fungu lao, na hao usiongeze kukopa kwao hata shilingi. Wenye leseni wapigie wewe, kabla hawajakupigia, uombe kulipa kwa vipande unavyoviweza. Wengi hukubali, kwa kuwa wamezoea watu wanaozima simu. Lakini tuelewane: kanuni inakulinda na matusi, deni iko palepale. Na ile ya kuchukua huku kulipa kule ikome leo. Kwa namna hiyo hujawahi kulipa deni, umelihamisha tu chumba.

Duka na dada ni wa mwisho kwako kwa kuwa hawapigi kelele. Wafanye wa kwanza. Hamsini kwa siku dukani. Mwenye duka hatakutazama tena kama alivyokutazama jana.

Muguka. Umefurahi kaunti ilipokatazia, ukapanga foleni mahakama iliporuhusu, kana kwamba shavu ni la kaunti. Sikucheki, nimeona vijana wa mtaa wangu wakingoja vivyo hivyo. Kuacha kuna siku zake mbaya: mwili unalegea, usingizi unakuja kwa fujo, ndoto za kutisha, roho inakuwa nzito bila sababu. Ni siku kadhaa, kwa wengine wiki mbili. Watu wengi hurudi hapo, wakidhani hiyo ndiyo hali yao halisi, kumbe ni mlango tu. Kwa hivyo wiki hiyo usiendeshe usiku hata tajiri akuchukie, maana utasinzia ukiwa na abiria. Mwambie unataka zamu ya mchana, na kama ana mtu wa usiku amwachie. Halafu ipo simu ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, ni bure, wana washauri wa mambo haya haya. Piga hata kama unaona haya, hawakujui.

Na usingoje Ramadhani.

Hili najua litakuudhi. Mwezi mtukufu ni mwezi wa rehema, sisemi kinyume. Lakini wewe Ramadhani umeifanya hoteli: unaingia, unalala shuka safi, siku thelathini zikitimia unatoka na mzigo wako uleule. Ramadhani sita ulikuwa umebebwa. Mji mzima unafunga, maskani mchana ni kimya, daku unaamshwa, jioni unakaribishwa futari kila nyumba. Nani asingeacha? Mwezi unaondoka, ngazi inaondolewa, unashangaa umeanguka. Anza sasa, katika siku hizi ambazo hazina tarumbeta wala hakuna atakayesema uso wako unanawiri. Ikifika Ramadhani ikukute njiani. Na katikati ya mwezi huo, ukiwa bado una nguvu, tafuta kituo kingine cha kuegesha tuktuk, mbali na maskani, ili Idi mosi alasiri miguu isikupeleke yenyewe. Kongowea pale asubuhi wanawake wa sokoni wana magunia na hawana subira. Abiria wake hawaishi, na saa nane mchana umechoka kiasi cha kutaka kulala.

Kubeti sina hadithi ndefu. Futa, na pesa isikae kwako. Shule ya mtoto ina nambari ya malipo, na mzazi hakatazwi kulipa kidogo kidogo. Kila ukimaliza hesabu ya tajiri, kabla hujainuka kwenye kiti cha tuktuk, tuma 200 moja kwa moja shuleni. Usiiweke ikae, usiipange, usingoje itimie. Wewe kosa lako Januari halikuwa uvivu, wala hukukosa mapenzi. Ulikuwa na 9,500 na ukaona aibu kumpa mtoto karo iliyopungua. Ulitaka kufika kama mzazi kamili, na kwa ajili ya ukamilifu huo hukufika kabisa. Nimewajua wanaume wengi wa hivi. Mmoja alikuwa kakangu. Hakuja kwenye harusi ya bintiye kwa kuwa hakuwa na zawadi ya kutosha, na hadi leo bintiye husema baba alikataa kuja.

Wazee usiwatume. Mamake watoto ameshaketi na wazee vya kutosha, anajua watakalosema kabla kahawa haijamiminwa. Unataka aone umebadilika, lakini bado hujabadilika, umekusudia tu. Akiona risiti za shule za 200, 200, 200, ataona mwenyewe. Na asipoona, basi, hana deni la kukurudia. Mtoto wa pili, hukumtaja hata umri wake, naye ana babake. Yeye sikusikia habari yake katika barua yote zaidi ya kuhesabiwa kwenye “wawili”.

Kuhusu kazi ya zamani: isubiri. Miezi sita ukiwa unalala usiku, vaa lile shati, kapite kwa wale uliofanya nao kazi. Mifumo ya forodha imebadilika, utakuta kijana wa miaka 25 akikuelekeza, ukubali kuelekezwa. Lakini ukienda leo, na macho hayo, utakuwa umejifungia mlango kwa mkono wako.

Umeapa mara mbili katika barua moja. Mimi sitaki kiapo. Viapo vyako vimekuwa kama mikopo yako, kipya kinalipa cha zamani. Binti naye asiapiwe. Usimwambie muhula wa pili utaleta karo yote. Usimwambie umeacha.

Ile laini ya kwanza, iwashe. Watapiga, ndiyo. Wapokee, waambie una daftari na majina yao yamo, taja kiasi unachoweza, kata simu. Baada ya siku chache watachoka, wao wameajiriwa kutafuta watu wanaojificha. Umeizima ili kuwakwepa watu usiowajua, ukamfungia mtu mmoja aliyeishika namba hiyo kwa kichwa, na sasa yuko kidato cha nne anapanga foleni ya simu ya shule apige mahali pasipoita.

Ikiita, usitoe hotuba. Foleni nyuma yake ni ndefu na dakika ni chache. Mwulize amekula nini mchana. Na mwambie vile viazi vilikufikia.